Sentensi Moja ya Avril Tuckwell

Avril Tuckwell alikuwa ameshakufa kwa kipindupindu mara mbili, ameuza kabichi kwenye masoko ya karne tatu, amelia kwenye mazishi ya watu asiowajua na kucheza dansi kwenye kumbi za mabwana wakubwa mpaka magoti yakamgomea, na katika yote hayo hakuna aliyewahi kumsikia hata akipiga chafya. Ndiyo kazi yenyewe. Avril alikuwa mtu wa nyuma. Kwenye zile tamthilia za televisheni za Jumapili usiku, zile za magauni marefu na mishumaa, mbele wanasimama warembo wawili wanaotazamana kwa kununa, na nyuma yao kuna ukumbi mzima wa watu wanaokula, wanaocheka na kujipepea. Hao wa nyuma ndio akina Avril.

Mji wao, Wexcombe, ulikuwa na bahati moja tu: ulijengwa vizuri zamani, halafu ukasahauliwa. Hakuna aliyekuwa na hela ya kuubomoa. Basi kila watu wa televisheni wa London wanapokumbuka kwamba ipo riwaya ya kale ambayo haijachezwa tangu juzi, wanakuja na malori ya udongo. Wanaumwaga barabara nzima kufunika ile mistari ya njano ya kukataza magari, wanashusha madishi, wanatundika majani ya plastiki juu ya king'ora cha benki, na kufika jioni ni mwaka 1810 na kinyesi cha farasi ni cha kweli. Wenyeji wanapeleka magari yao kwenye shamba la kondoo na kulalamika kwa furaha. Muuza nyama alishanyongwa hadharani mara tatu. Colin Sprake, aliyekuwa tarishi, alipewa ukasisi mara nyingi kiasi kwamba alianza kuuamini, na siku moja pale posta akambariki mbwa wa watu.

Na riwaya zenyewe ni zilezile. Msichana hana urithi ila ana ulimi. Bwana ana nyumba ya vyumba mia na uso wa mtu aliyeuma ndimu. Kila baada ya miaka michache anatokea mtaalamu wa kuigeuza riwaya iwe tamthilia, anatangaza gazetini kwamba ameisoma kwa jicho jipya, na jicho jipya maana yake ni kwamba safari hii bwana atavuliwa shati. Kurasa mia sita zinachemshwa mpaka vinabaki vipindi vinne vya kutazamana dirishani. Halafu dunia nzima inanunua, na Waingereza wanaambiana kwamba kwenye tamthilia hakuna wa kuwafikia. Desmond, mume wa Avril, dereva wa basi mstaafu, alikubali kwamba hakuna wa kuwafikia kwa kumumunya maneno. Yeye alizitazama zote, sauti imepandishwa mpaka mwisho, akiuliza kila dakika mbili amesemaje huyo, na kwa nini watu wenye mali yote ile hawawezi kuongeza mshumaa mmoja.

Sasa, mtu wa nyuma ana sheria moja, nayo ni kunyamaza. Ule ukumbi wa dansi unaouona nyumbani umejaa vinanda na vicheko, siku ya kupigwa picha hauna sauti kabisa. Muziki unatiwa baadaye. Watu hamsini wanaruka na kuzunguka bila ngoma, wamegundishiwa vitambaa chini ya viatu visigonge sakafu, wanacheka bila kucheka, wanachezesha midomo bila neno kutoka, kwa sababu sauti inayotakiwa ni ya wale wawili wa mbele tu. Avril alichezesha midomo miaka thelathini. Mwanzoni alikuwa akitaja vitu vya kununua sokoni. Baadaye alizoea kumsema wifi yake.

Wifi huyo, Daphne, dada mkubwa wa Desmond, alistahili kusemwa. Siku ya harusi ya Avril alirudisha gari nyuma akaipanda keki, na Avril, bibi harusi mzima na shela lake, akamwomba radhi kwa kuiweka keki pale. Toka siku hiyo mambo yakawa hivyohivyo. Daphne akichelewa, Avril anaomba radhi kwa kupika mapema. Daphne akivunja kikombe, Avril anaomba radhi kwa wembamba wa kikombe. Mimi nimekaa na watu hawa muda mrefu na bado jambo hili linanipandisha presha: mkanyage Mwingereza kwenye foleni, na kabla hujafungua mdomo ameshakuomba msamaha kwa kuwa na mguu. Lakini Daphne hakuwa na ugonjwa huo. Yeye neno samahani hakuwahi kulitoa kinywani, kama vile angelitoa lingemwishia.

Na juu ya yote, Daphne alishasema kwenye televisheni. Mwaka wa mafuriko, mtangazaji wa habari za mkoa alimkuta mlangoni kwake na viatu vya mpira, akamuuliza hali ikoje, na Daphne akajibu, "Maji tumeyazoea, ila mazulia ndiyo basi tena." Basi. Hayo ndiyo yaliyomfanya nyota wa familia. Kila Krismasi aliyarudia, na mkono akiuweka vilevile alivyouweka siku ile, halafu anamgeukia Avril na kumuuliza kwa upole wa sumu, "Na wewe, mpenzi, bado wanakuweka nyuma ya maua?"

Kwa hiyo Avril alitaka kitu kimoja duniani. Sentensi. Hata fupi. Mtu wa nyuma akisema neno anakuwa mwigizaji, jina lake linaandikwa mwishoni pamoja na ya wakubwa, na hakuna wifi wa kulifuta. Alijua muda unamwishia. Magoti yalikuwa yanalia kuliko sakafu, na makampuni yameanza kujaza kumbi kwa watu wa kutengenezwa na kompyuta, ambao hawali, hawaendi chooni na hawaulizi chai inakuja saa ngapi. Walipokuja kupiga picha za "Bibi wa Harrowmere," alimwambia Desmond kwamba hii ndiyo ya mwisho, baada ya hapa atakaa nyumbani atunze nyanya.

Mwongozaji aliitwa Fenella Cray, mwanamke mwembamba mwenye koti kubwa na sauti ya kubembeleza mtoto mgonjwa. Kama wenzake wote wa kazi ile, kila baada ya kupiga picha alisema, "Nzuri sana. Turudie." Ikiwa mbaya, nzuri sana, turudie. Farasi akijamba katikati ya ungamo la mapenzi, nzuri sana, turudie. Siku ya tatu alipita kwenye mstari wa vijakazi, akasimama mbele ya Avril, akamwangalia uso, akasema huo ni uso wa mtu aliyetumikia watu maisha yake yote. Avril alishukuru. Fenella akamwambia kesho, kwenye dansi, ataingia ukumbini, atamwendea yule binti mkuu wa hadithi na kumwambia, "Gari lenu limefika, bibi."

Yaani maneno manne. Avril alirudi nyumbani bila kuyahisi magoti. Jioni ile Desmond aliwekwa kwenye kiti cha uvivu awe binti wa Harrowmere, na glasi yake ya bia mkononi, na Avril akaingia kutoka jikoni zaidi ya mara ishirini. Akaingia kwa haraka, akaingia kwa huzuni, akaingia kama anayejua siri. Desmond alijitahidi, ila alikuwa na maswali. Gari lipi? Nani amelituma? Kwa nini dereva asubirishwe, yeye alikuwa dereva na anajua uchungu wake? Mwishowe alimshika mkewe mkono akamwambia kwamba ile ya huzuni ndiyo yenyewe, na kwamba yeye, kwa mara ya kwanza katika tamthilia yoyote ile, amesikia kila neno.

Akampigia simu Daphne palepale. Avril alimwomba asimpigie. Alikuwa ameshapiga, na ameshamwalika Jumapili ya kuonyeshwa, aje na lile bakuli lake la keki na kastadi. Kufika asubuhi mji mzima ulishajua: muuza nyama alimfungulia Avril mlango wa ukumbi na kutangaza kwamba gari lake limefika, na kasisi Colin akambariki.

Siku yenyewe ukumbi ulikuwa umejaa. Bwana mwenye uso wa ndimu alikuwa Tobias Lanyon, kijana wa shule za ada kubwa, mzuri wa kuudhi, ambaye kati ya picha na picha alifunikwa koti la baridi na kulishwa zabibu na msichana wa vipodozi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu hajawahi kuambiwa apishe. Watu wa nyuma walikuwa na vitambaa kwenye viatu, lakini Tobias, kwa kuwa miguu yake ingeonekana, alivaa buti halisi lenye kisigino cha chuma.

Fenella akasema tuanze. Watu wakaanza kuruka bila muziki. Binti akamchapa bwana kwa ulimi wake mkali, bwana akameza mate kwa majonzi, na Avril akaingia. Alikuwa na maneno manne mdomoni, ameyapanga, yamekaa. Alikuwa amebakiza hatua tatu kumfikia binti, Tobias akarudi nyuma kwa kiburi, kama alivyoelekezwa, na kisigino cha chuma kikatua na uzito wake wote juu ya vidole vya mguu wa kushoto wa Avril.

"Samahani, bwana," Avril akasema.

Aliyasema yale kabla hajasikia maumivu. Miaka thelathini ya kunyamaza, usiku mzima wa kuingia na kutoka jikoni, na mdomo ulipofunguka ukatoa kile ulichozoea kutoa bure. Katika ule ukimya yalisikika mpaka kwenye viti vya mwisho. Tobias hakugeuka wala hakujua amekanyaga nini. Aliendelea na majonzi yake. Binti ndiye aliyeona. Akamwangalia Avril, akamwangalia bwana, uso ukambadilika, na ilikuwa kweli si kuigiza, kwa sababu yule mwigizaji naye alikuwa na mama wa umri ule.

"Kata," Fenella akasema. Akaja na koti lake mpaka kwa Avril, akamshika bega. "Avril, mpenzi. Nzuri sana. Nzuri mno." Mwingereza akikuambia nzuri mno, jua umeharibu. Akaendelea kwa sauti ileile ya mgonjwa kwamba amewaza, gari si linaonekana dirishani, kuna haja gani ya kuambiwa? Wajaribu bila sentensi. Na Avril, vidole vikiwa vimeshavimba ndani ya kiatu, akasema samahani tena.

Wakarudia mara nyingi. Kila mara Avril aliingia, akasimama karibu na binti, na akanyamaza vizuri kabisa.

Nyumbani Desmond alikuwa amemsubiri na chai. Akauliza imekwendaje. Angemwambia. Nafasi aliiona, ilikuwa pale mezani katikati ya kikombe na biskuti. Lakini Desmond alikuwa na uso wa mtoto anayengoja kusimuliwa, na Avril akasema imekwenda vizuri, ni mguu tu umejigonga. Kuanzia hapo akawa amenasa. Kila mtu mjini alimpongeza, na kila pongezi ilimchoma. Alimfikiria Daphne kwenye sofa, bakuli mapajani, akingoja sentensi isiyokuja. Alitamani kituo cha televisheni kiungue. Si watu waungue, jengo tu, siku za mapumziko.

Jumapili ikaja na jengo halijaungua. Daphne akafika mapema, akakaa kiti cha Avril, kile kilicho karibu na hita, na Avril akaenda kukaa kwenye kigoda. Desmond akapandisha sauti. Tamthilia ikaanza na giza, mvua na farasi, na Desmond akasema farasi huyo anamjua, alikuwemo kwenye ile ya vita. Daphne akauliza kila anapotokea mtu mwenye kofia kama ndiye Avril. Sivyo. Ikafika dansi. Vinanda, vicheko, yote yale waliyoyatia baadaye. Desmond akamshika mkewe mkono. Avril akafumba macho, akajiandaa kusema kwamba sentensi wameikata, kwamba hukata hivyo mara nyingi, kwamba anaomba radhi kwa kuwapotezea Jumapili.

Akasikia sauti yake mwenyewe.

"Samahani, bwana."

Alifumbua macho akajikuta amejaa kioo kizima. Uso wake, mikunjo yake, kofia ya kijakazi. Fenella Cray alikuwa amerudia mara zote zile, halafu akatumia ile ya kwanza. Bwana mzuri akaendelea kumumunya, kisigino kikiwa bado juu ya mguu wa mwanamke mzee, wala hajui. Binti akamwona kijakazi, akamwona bwana, na pale pale, bila neno, nchi nzima ikajua kwamba hatamkubali. Kutoka hapo hadi mwisho wa kipindi hakuna aliyesema kitu sebuleni kwa akina Tuckwell, hata Desmond.

Majina yalipoanza kupanda, Desmond alipiga magoti mbele ya televisheni na miwani mkononi. Kituo nacho, kama ilivyo desturi yao ya laana, kikayafinya majina yote kwenye kona, upana wa biskuti, ili kimpishe mtu anayetangaza shindano la kuoka mikate. Desmond akabandika pua kwenye kioo. "Lile pale," akasema. "Avril Tuckwell. Nimeliona."

Daphne akajifuta kastadi mdomoni. Akasema alidhani kulikuwa na habari za gari. Akasema maneno yenyewe ni mawili tu, si ndiyo? Akachukua koti lake akaondoka, bakuli akalisahau.

Jumatatu magazeti yakachachamaa. Mkosoaji mmoja aliandika kwamba kwa maneno mawili tamthilia imeuanika utabaka wa Uingereza wote. Profesa wa fasihi alisema redioni kwamba maneno hayo yamo kwenye muswada wa kwanza wa riwaya, jambo ambalo huenda lilimshangaza hata marehemu mwandishi. Yule mtaalamu wa jicho jipya alihojiwa akasema sentensi ile ilimkosesha usingizi wiki nzima, aliiandika, akaifuta, akaiandika tena. Avril alilisoma hilo akiwa ameuweka mguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Alicheka mpaka Desmond akaja kutazama kuna nini, na hapo ndipo alipomweleza yote, gari, kisigino na uongo wake. Desmond akafikiri. Akauliza, "Kwa hiyo wewe ulikanyagwa, ukaomba msamaha, na jamaa hakusema kitu?"

"Hakusema kitu."

"Na wewe hukuona ajabu."

Avril akaliweka gazeti chini. Akautazama mguu ndani ya maji. Kwa kweli hakuwa ameona ajabu. Si siku ile wala siku ya keki, na katikati ya hizo siku mbili kulikuwa na maisha yake yote.

Jumatano Daphne akaja kuchukua bakuli. Hakulitaja gazeti ingawa lilikuwa mkobani, limechungulia. Alikuwa na haraka, na ujia wa nyumba zile ni mwembamba, na Avril alikuwa amesimama kando amempisha kama siku zote. Daphne akapita na bakuli kifuani, na kiatu chake cha ngozi kikatua juu ya vidole vilevile vya mguu wa kushoto.

Maumivu yalimpanda Avril mpaka kwenye meno. Mdomo ukafunguka wenyewe. Neno lilishafika kwenye ulimi, limevaa, limejipanga, tayari kwenda kazini. Akaufunga mdomo. Akamwangalia wifi yake usoni na kunyamaza, na kunyamaza ndiyo kazi aliyoisomea miaka thelathini, hakuna wa kumshinda.

Daphne akangoja. Hakuwahi kungoja hapo kabla. Akatazama chini, akaona mguu wake ulipokanyaga, akauondoa. Kutoka jikoni Desmond alizima redio. Shingo ya Daphne ilipanda wekundu, na midomo ikacheza muda bila sauti, kama ya watu wa nyuma.

"Samahani, Avril," akasema.

Avril akamwacha asimame pale kidogo.

"Nzuri sana," akasema. "Rudia."